Pale Chopa Inapogeuza

Uvumi wenyewe ulikuwa mfupi, mtu yeyote angeweza kuubeba: chopa imebeba duara, na pale inapogeuza ndipo dhahabu ilipo.

Anisia aliusikia kwenye mashine ya kusaga, Jumanne asubuhi, ndoo ya mahindi ikiwa miguuni pake na wanawake saba wakiwa mbele yake kwenye foleni. Aliyeuleta ni jirani yake Mageni, mwenye maksai wanne na plau, ambaye kila mvua zikianza huwalimia watu mashamba yao. Mageni hakuwa mwongo. Alikuwa na tabia moja tu, ya kusikia kitu nusu na kukimalizia mwenyewe njiani.

Na kitu chenyewe kilikuwa angani, kila mtu alikiona. Kwa wiki mbili helikopta moja nyeupe ilikuwa ikipita juu ya kijiji chao, mwendo wa saa nzima kwa pikipiki kutoka Ushirombo, ikienda na kurudi, ikienda na kurudi, chini chini kiasi kwamba kuku walikimbilia chini ya vihenge vya nafaka. Kwenye kamba ndefu ilining'iniza mviringo mpana kuliko ua wa nyumba. Watoto wa shule waliuita duara, na hawakukosea, ndivyo mwalimu alivyowafundisha. Lakini katika ukanda huu wote, kuanzia Kahama hadi Geita, mtu mzima akisikia duara hafikirii ubao wa darasani. Duara ni shimo la kuchimbia dhahabu. Mtu ana duara lake kama mwingine alivyo na duka. Basi watoto waliposema chopa imebeba duara, wazazi wao walisikia habari nyingine kabisa, na Mageni akaimalizia.

"Haigeuzi ovyo ile," aliwaambia wanawake wa foleni. "Wale wana mashine inayoona chini. Ikifika penye mali inapiga kona, inaangalia vizuri, halafu inarudi kuandika."

"Inapigia kona wapi?" mmoja aliuliza.

Mageni alimtazama Anisia, akatabasamu. "Muulizeni Mama Sostenes. Juu ya majaruba yake kila siku. Shemeji, ukishatajirika usitusahau hapa kwenye foleni."

"Nipishe nisage unga wangu, Baba Esta."

Wanawake wakacheka. Anisia alibeba unga wake akarudi nyumbani, na ule uvumi akarudi nao. Aliposonga ugali ulikuwepo. Alipofagia ulikuwepo. Tatizo ni kwamba kipande kimoja chake kilikuwa kweli. Chopa ilikuwa inageuza juu ya majaruba yao ya mpunga, pale bondeni kwenye udongo mweusi wa mbuga, na yeye mwenyewe ameona mara nyingi, amesimama na jembe mkononi, amekaza macho mpaka shingo inauma.

Jioni ile alimwambia mwanawe. Alimwambia kwa nia ya kumkataza, na hilo ndilo lililokuja kumchosha zaidi ya yote baadaye.

Sostenes alikuwa na miaka ishirini na mmoja. Alikuwa amekaa kwenye kigoda anaziba pancha ya baiskeli.

"Wanasema kwenye majaruba yetu kuna dhahabu," Anisia alisema. "Wewe usije ukasikia huko nje ukaanza kujisumbua."

"Nani anasema?"

"Watu."

"Watu gani, mayu?" Nyumbani kwao walimwita hivyo, mayu, kama Wasukuma wote wanavyomwita mama.

"Baba Esta. Anasema chopa inageuza pale."

Sostenes aliacha pampu. "Kweli inageuza pale," alisema taratibu, kama mtu aliyekumbuka kitu alichokuwa nacho mfukoni siku zote.

Alhamisi yake alikuwa bondeni na wenzake watatu, wamepima kwa hatua pale ukingoni mwa jaruba la mwisho, wanachimba. Kamba ya kushukia waliazimwa na Mageni, ile ile anayofungia maksai.

Anisia alimpigia simu mumewe. Alois alikuwa Nyahanga, Kahama mjini, kwenye kazi ya ujenzi ambayo haikuisha wala haikuendelea.

"Mwache kijana ahangaike," Alois alisema. Nyuma yake kulikuwa na kelele za mashine ya kuchanganyia zege. "Akikaa bila kazi unalalamika, akifanya kazi unalalamika."

"Ule ni udongo wa mbuga, Baba Sostenes, ukilowa unaporomoka. Hata choo hatukuchimba kule."

"Atachoka mwenyewe."

Lakini aliyechoka ni Anisia. Kila siku, akishawapa chakula wateja wake wa mchana, alifunika masufuria, akajifunga khanga, akashuka bondeni. Kibanda chake cha chakula kilikuwa karibu na uwanja wa shule, na kutoka pale hadi majaruba ni nusu saa kwa mtu mwenye magoti mazima. Ya kwake hayakuwa mazima. Akifika aliinama kwenye mdomo wa shimo akaita.

"Sostenes."

"Naam."

Basi. Akishasikia naam aligeuka akarudi. Vijana walimtania. Mmoja aliyeitwa Marcel alimwambia, "Mama, tununulie kengele tuwe tunapiga, utapumzika." Alichokuwa anahesabu yeye ni sauti. Siku ya kwanza ile naam ilitoka karibu, kama mtu aliye nyuma ya mlango. Siku ya nne ilikuwa kama ya mtu aliye ndani ya pipa. Siku ya nane ilibidi asubiri kabla haijafika, na ilipofika haikufanana na sauti ya mtu aliyemzaa.

Hawakuweka magogo ya kuzuia kingo. Alipouliza, Sostenes alisema magogo yatakuja wakishafika kwenye mwamba, kwa sasa wanawahi mvua.

Siku ya tisa alikuja Onesmo kula. Onesmo alikuwa dereva wa Canter iliyoleta mapipa ya mafuta ya ile chopa kutoka Buseresere hadi kambi ya wapimaji, nje kidogo ya kijiji. Mtu mpole, mlaji wa haraka, anayependa michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, kuliko mkate. Anisia alimwekea michembe na karanga bila kuulizwa, akakaa mbele yake.

"Shikamoo mama. Leo umekaa, kuna nini?"

"Marahaba. Nikuulize, Onesmo. Hizi chopa ni kitu kimoja, au ziko nyingi?"

"Ziko nyingi kama magari. Wewe ukiona pikipiki na Fuso unasema ni kitu kimoja kwa sababu vyote vina matairi?"

"Mimi sijui. Nimeishia darasa la saba, na darasa la saba hawakutufundisha chopa."

Onesmo akatafuna, akameza. "Haya. Iko ndogo kabisa, ya watu wawili, wakibanana sana wanne. Injini yake inakunywa petroli. Hiyo ndiyo bodaboda yao. Wanafundishia marubani, wanahesabia tembo porini, kwingine wanapulizia dawa mashambani. Ukiipakia mtu mnene, rubani anafikiria mara mbili."

"Na hii ya kwetu?"

"Hii imeizidi. Injini ni moja lakini ina nguvu, na haitaki petroli, inataka mafuta yangu mimi. Watu watano, sita. Hii sasa ni kama Noah. Ukitaka ibebe abiria inabeba. Ukitaka ung'oe viti upakie mzigo, unapakia. Ukitaka uning'inize kitu chini, ning'iniza."

"Ile iliyokuja na kampeni?"

"Tumbo moja na hii. Tofauti ni kwamba ile ilibeba mheshimiwa na spika za muziki."

"Na fulana."

"Ulipata?"

"Ndiyo dekio langu lile pale."

Onesmo aliliangalia lile dekio lililoanikwa kwenye uzio, akacheka mpaka karanga ikampalia. Akanywa maji. "Halafu iko yenye injini mbili. Hiyo ndiyo ya wagonjwa. Moja ikizima angani, nyingine inaendelea, kwa hiyo wanaiamini hata kuvuka nayo ziwa. Milango yake mipana, machela inaingia na mgonjwa amelala. Ndani kuna muuguzi, kuna mtungi wa hewa. Ile ni Land Cruiser ya hospitali. Na juu yake yako mafuso, hayo sijayaona huku, yanabeba nguzo za umeme, yanamwagia maji misitu ikiungua, yanachukua watu thelathini kwa mkupuo."

Anisia alizipanga kichwani mwake kama anavyopanga sahani. Ya petroli, ya mzigo, ya mgonjwa, ya nguzo. Kisha akauliza lililomkalisha.

"Ipi kati ya hizo inaona dhahabu?"

"Hakuna."

"Si mna mashine inayoona chini?"

"Mama, lile duara ni waya tu. Linapeleka umeme kidogo ardhini, halafu linasikiliza unavyorudi. Mwamba huu unaurudisha hivi, mwamba ule unaurudisha vile. Wataalamu wanakwenda kuchora ramani ya miamba, wanakaa nayo mwaka mzima, na bado wanaweza kuchoronga wakatoka mikono mitupu."

"Sasa mbona inageuzia kwetu?"

"Kwenu wapi?"

"Bondeni. Kwenye majaruba."

"Aa." Onesmo alichukua mchembe mmoja akauburuza juu ya meza, akaenda nao hadi ukingoni, akaugeuza, akarudi nao. "Pale ndipo kibali chetu kinapoishia. Maksai wa Mageni wakifika mwisho wa shamba wanafanyaje?"

"Wanageuka."

"Kwa sababu wameona nini?"

Anisia aliufuata ule mchembe kwa macho.

"Hawajaona kitu. Shamba limeisha." Akautia ule mchembe mdomoni.

Anisia hakungoja aoshe vyombo. Njiani kwenda bondeni alimkuta Mageni anatengeneza nira kivulini. Akamwuliza swali lile lile, maksai wakigeuka mwisho wa shamba huwa wameona nini. Mageni, aliyelima tangu ana miaka kumi na mbili, aliyegeuza ng'ombe mara zisizo na hesabu, aliivuta kamba ya nira akaikaza.

"Shemeji, ng'ombe ni ng'ombe na mashine ni mashine," alisema mwishowe. Lakini alilisema akiwa ameinamia nira yake, na hakutania.

Mvua ilianza kabla hajafika. Si kubwa, ile ya manyunyu inayolowesha polepole. Udongo wa mbuga ulimganda kwenye kandambili mpaka akazivua akazibeba mkononi. Kwenye shimo aliita, akangoja, ikaja naam. Alimwambia apande. Sostenes alipanda, tope hadi nyusi, amekonda mashavu, na Anisia akamweleza yote: waya, kibali, mwisho wa shamba. Alieleza vibaya kwa sababu alikuwa anahema. Marcel na wenzake walisikiliza wakiwa wameegemea mapauro yao ya kuchotea udongo.

"Huyo dereva analipwa na nani?" Sostenes aliuliza.

"Na wenye chopa."

"Ulitaka akwambie ipo?"

Lilikuwa swali la mtu mwenye akili, na mwanawe alikuwa na akili, hilo ndilo lililomuuma.

"Mpaka kesho Jumamosi, mayu," Sostenes alisema kwa upole. "Tusipokuta kitu Jumamosi, tunafukia. Nakuahidi."

Jumamosi asubuhi, Anisia alikuwa anachambua mchele. Hakuwa ameshuka bado. Marcel ndiye aliyekuja mbio, miguu peku. Kulipokucha mvua ilikuwa imekatika, jua likatoka, na saa nne ukuta mmoja wa shimo ulishuka wote kwa mkupuo kama uji unaoteleza kwenye mwiko. Sostenes alikuwa chini. Tope lilimfika kifuani, na jiwe kubwa lililoshuka nalo lilimkalia mguu.

Wakachimba kwa mikono na kwa sufuria, kwa sababu pauro lingemkata. Anisia alikaa mdomoni mwa shimo, akifanya kazi aliyoizoea. Aliita, akangoja, ikaja naam. Aliita tena. Hakulia. Alikuwa na hofu kwamba akilia hataisikia sauti. Walitumia saa mbili. Waliyemtoa, kwa ile kamba ya maksai, alikuwa Sostenes kuanzia magotini kwenda juu. Mguu wa kulia, chini ya goti, ulikuwa kitu kingine.

Mageni alikuja na mkokoteni wa ng'ombe, hakuitwa. Walimlaza juu ya magunia. Mkokoteni ulipofika barabarani wakaambiwa mto umepanda juu ya daraja tangu alfajiri, hata pikipiki hazipiti kwenda Ushirombo, na zahanati ya kijiji ilikuwa na mhudumu mmoja ambaye alimfunga kitambaa, akamtundikia dripu, akasema kwa sauti ndogo, "Huyu si wa hapa."

Hapo Anisia aliikumbuka chopa. Ilikuwa kambini, imetua, nyeupe, safi, inafutwa kioo. Alikwenda mbio kwa magoti yake yale, akamshika Onesmo mkono.

"Ile pale. Si inapaa? Impeleke."

Onesmo alimpeleka mpaka kwenye mlango wake, akamwonyesha. Nyuma hakukuwa na viti. Kulikuwa na makabati ya chuma, nyaya, na skrini. "Wamevua viti wamejaza mashine, mama. Kuzing'oa ni kazi ya nusu siku. Na kumkunja kwenye kiti cha mbele na mguu ule, utammaliza. Hii ni ya mzigo. Nilikwambia."

"Uliniambia."

"Tunataka ile ya injini mbili. Ngoja."

Aliingia kwenye hema la bosi wake. Anisia alisikia simu, lugha asiyoijua, kisha kimya, kisha simu tena. Wapimaji walikuwa na mkataba na watu wa ndege ya wagonjwa Mwanza, kwa ajili ya wafanyakazi wao wenyewe wakiumia. Sostenes hakuwa mfanyakazi wao. Onesmo alipotoka alisema bosi amekubali, amesema atajieleza baadaye. "Dakika hamsini. Watatua uwanja wa shule. Uwe wazi tu, mama. Uwanja uwe wazi."

Uwanja haukuwa wazi.

Sauti ilipoanza kusikika upande wa Geita, watu walitoka majumbani kama wanavyotoka siku zote. Wengine walikumbuka kampeni, wakaja kutafuta kofia. Wengine waliona chopa nyekundu isiyo na duara, wakasema hawa ni wakubwa, wamekuja kuthibitisha mali. Akina mama walikuja na watoto mgongoni. Mtu mmoja alikuja na jembe. Mkokoteni wa Mageni ulipofika golini, katikati ya uwanja palikuwa pamejaa watu mia mbili au zaidi, wote wameinua nyuso.

Chopa ilishuka, upepo wake ukaanza kurusha majani, kisha ikasita. Rubani aliona vichwa. Ikapanda, ikapiga kona juu ya madarasa, ikarudi.

"Inageuza," mtu alisema.

Neno likapita uwanja mzima, mdomo kwa mdomo. Inageuza. Inageuza hapa hapa, shuleni. Wale waliokuwa pembeni wakaingia katikati ili wasipitwe. Chopa ikashuka tena, ikakuta watu wameongezeka, ikapanda tena, ikageuza tena, na kila ilipogeuza watu walizidi kujaa.

Anisia alisimama kando ya gurudumu la mkokoteni. Sostenes alikuwa amefumba macho. Aliita jina lake, na safari hii haikuja naam, ilikuja pumzi tu.

Angeweza kupiga kelele, lakini kelele ya chopa ingeimeza. Basi aliingia kati ya watu akaanza kuwaondoa mmoja mmoja. Aliwajua wote. Alikuwa amewalisha wote, wengine tangu wakiwa darasa la kwanza, anajua nani hali dagaa na nani huomba ukoko. Alimshika mtu mkono, akamsogelea sikioni.

"Mama George, toka uwanjani."

"Inageuza, Mama Sostenes, hujaiona?"

"Inageuza kwa sababu umesimama inapotaka kukaa. Mwanangu yuko kwenye mkokoteni ule. Rudi mpaka kwenye mikaratusi."

Mama George aligeuka, akauona mkokoteni, akaona kitambaa. Akaweka mkono mdomoni, akarudi nyuma, akamvuta na dada yake.

"Ezekiel, rudi. Jenifa, mchukue huyo mtoto, rudi naye. Mzee Denis, shikamoo, naomba urudi."

Mmoja mmoja, kama mtu anayeokota mchele uliomwagika. Mageni alimwona, akaacha ng'ombe wake, akaanza upande wa pili. Yeye aliyewaambia wote kwamba pale inapogeuza ndipo penye mali, sasa alikuwa anawashika mabega akisema, "Nilikosea. Rudi nyuma. Nilikosea, bwana, rudi nyuma." Wengine walimcheka. Wengine walidhani anataka kubaki na mali peke yake, wakakaza miguu. Onesmo alikuja na wapimaji, wakashikana mikono, wakawasukuma waliobaki kama watu wanaokokota wavu.

Ilichukua nusu saa. Chopa ilikuwa imeondoka mpaka haikuonekana, na Onesmo alisema ikiishiwa mafuta ya kungojea hairudi. Ikarudi. Ikatua.

Muuguzi aliruka na machela, mlango mpana ukafunguka kama alivyoambiwa utafunguka. Sostenes akaingizwa amelala. Katika kusogeza mkokoteni Mageni alizungukia mkiani mwa chopa amtulize ng'ombe mmoja aliyeshtuka, na kule mkiani kulikuwa na pangaboi dogo linalozunguka kwa kasi mpaka halionekani. Muuguzi alimdaka kola ya shati akamvuta, kwa nguvu kiasi cha kung'oa kifungo. Mageni alikuja kuelewa baadaye, alipoonyeshwa, na siku hiyo hakula.

Anisia alipewa kiti kidogo karibu na kichwa cha mwanawe. Hakuangalia nje. Watu walimwuliza sana baadaye, ziwa linaonekanaje ukiwa juu, na hakuwa na la kuwaambia. Aliangalia ule mtungi wa hewa.

Mwanza walimkata mguu chini ya goti. Daktari aliuliza mguu umebanwa saa ngapi, umetolewa saa ngapi, umefika saa ngapi, akaandika. Anisia alijibu yote. Saa mbili kwenye tope. Saa moja na ushei barabarani na zahanati. Dakika hamsini za kungoja. Nusu saa ya kugeuza. Daktari hakusema ni ipi kati ya hizo iliyochukua mguu, na Anisia hakumuuliza. Aliogopa atasema ni ile nusu saa.

Sasa ni miezi mitano. Alois alikuja, akarudi Nyahanga baada ya wiki tatu, hakusema tena kwamba kijana atachoka mwenyewe. Wapimaji wamehamisha kambi. Bondeni duara lile limejaa maji, vyura wanalia humo, na kando yake kumechimbwa mengine mawili, na wachimbaji wake ni wageni kutoka mbali ambao wamesikia tu kwamba hapa iligeuza. Hata uwanjani, golini, asubuhi moja walimu walikuta mtu amechimba usawa wa kiuno.

Sostenes anaziba pancha mbele ya kibanda cha mama yake, magongo yameegemea ukuta. Anisia akiwa ndani, anasonga, anajikuta anaita bila sababu. Kijana anaitika. Hamwulizi mama yake alikuwa anataka nini.

Alipochoka kueleza kila mteja mpya, alikata ubavu wa boksi la sabuni, akachukua kalamu nene ya mwanawe ya kuandikia bei za viraka, akaandika kwa herufi kubwa za shule ya msingi. Sostenes alisahihisha maneno mawili, katazo moja akaongeza yeye. Anisia akalipigilia kwenye nguzo, pale watu wanapongojea chakula, na watu husoma hata wakiwa hawataki, kwa sababu hakuna kingine cha kusoma.

USICHIMBE PALE CHOPA INAPOGEUZA. SHAMBA LIMEISHA.

USIINGIE SHIMO LA UDONGO WA MBUGA, MVUA AU JUA.

USISHUKE BILA MAGOGO UKISEMA YATAKUJA.

USISIMAME INAPOTAKA KUTUA. HAINA FULANA.

USIPITE NYUMA YA CHOPA. KUNA PANGABOI HULIONI.

USIPELEKE NG'OMBE KARIBU (hili la Mageni, ameomba liandikwe).

USIOMBE CHOPA YA MZIGO IKUBEBEE MGONJWA. ULIZA YA INJINI MBILI, NA ULIZA MAPEMA.

USIMCHEKE MTU ANAYEKUAMBIA RUDI NYUMA.

USIMALIZIE HABARI ULIYOISIKIA NUSU.

USIMPELEKEE MWANAO UVUMI NYUMBANI, HATA KAMA UNAMKATAZA.